Kushusha Nyuma ya Gari la Spoti la Zamani: Kinachobadilika Kimo Kinapobadilika

Gari la spoti la zamani likisimama huku nyuma yake imeinuka, na pengo kati ya tairi na ukingo wa madigadi likiwa pana kuliko linavyotarajiwa, mwenye gari huamua upesi kwamba nyuma ishushwe. Uamuzi huo mara nyingi ni sahihi. Kosa huanzia pale anapodhani kwamba kimo cha nyuma ni kitu kinachojitegemea kama urefu wa mguu wa kiti, kwamba ukipunguza kidogo kazi imekwisha. Kimo ni matokeo: ni mahali ambapo uzito wa gari na nguvu ya springi vimefikia suluhu, na ni kutoka mahali hapo ndipo wabunifu walipopanga pembe zote za mfumo wa nyuma, kuanzia mlalo wa magurudumu hadi uelekeo wa shafti zinazoyazungusha. Anayekihamisha kimo amezihamisha pembe hizo zote, apende asipende. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nyuma ishuke milimita ngapi, ni lazima kwanza ijulikane kwa nini iko juu.

Sababu za nyuma kuinuka

Mfano ulio wazi ni MGB, gari la Uingereza lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980 kwa idadi iliyozidi nusu milioni. Kwa miaka kumi na miwili ya mwanzo lilikuwa na bampa za chuma chenye kromi na lilikaa chini, kama lilivyobuniwa. Kisha sheria za Marekani, soko lake kubwa, zikaanza kudai kwamba bampa zihimili migongano ya mwendo mdogo na ziwe katika kimo kinacholingana kutoka gari moja hadi jingine. Badala ya kubuni gari jipya, mwishoni mwa 1974 kiwanda kikafunga bampa kubwa nyeusi za mpira na kuinua gari zima kwa takribani inchi moja na nusu, yaani milimita 38 hivi. Katika kipindi hichohicho stabilaiza ya mbele, yaani ufito unaozuia bodi kulala kwenye kona, ikaondolewa kwenye vifaa vya kawaida, na gari ambalo tayari lilikuwa limepandishwa likaanza kulala sana kwenye kona, hadi modeli za 1977 zilipopewa stabilaiza mbele na nyuma. Mwenye MGB ya 1975 anayeishusha kwa inchi moja, basi, anairudisha karibu na mchoro wa mwanzo. Mwenye MGB ya 1967 anayeishusha kwa kipimo hichohicho anaingia eneo ambalo waliolibuni gari hawakulipanga, na kila kitu kitakachoelezwa hapa chini kinamhusu zaidi.

Porsche 911 ina hadithi inayofanana na hiyo. Magari mengi ya aina hiyo yaliyouzwa Marekani katika miaka ya 1970 na 1980 yaliwekwa juu kuliko ndugu zao waliouzwa Ulaya, ingawa sehemu zenyewe zilikuwa karibu zilezile. Tofauti ilikuwa katika namna zilivyorekebishwa wakati wa kuunganishwa. Hapo kushusha ni kurekebisha tu, bila kununua wala kukata kitu chochote.

Sababu ya tatu haina uhusiano na sheria yoyote, nayo ndiyo inayowapotosha wengi. Springi mpya za akiba za magari ya zamani mara nyingi hukaa juu mwanzoni, ama kwa sababu zimepewa mpindo mkubwa kuliko wa asili, ama kwa sababu bado hazijatulia. Gari lililokuwa limezama kwa uchovu wa miaka arobaini likifungwa springi hizo huonekana limeinuka kupita kiasi, na mwenye gari hukimbilia kulishusha siku ya pili yake. Ningemsihi asubiri. Springi hutulia baada ya kubebeshwa uzito na kuendeshwa, na kipimo kilichochukuliwa gari likiwa limetoka kwenye jeki hakina maana.

Kuna sababu nyingine, ndogo lakini yenye madhara makubwa kuliko sura yake: bushi za mpira, yaani viungio laini ambavyo springi na mikono ya magurudumu hushikiliwa navyo. Bushi nyingi za zamani zina mpira uliobana kati ya bomba la nje na bomba la ndani, na mpira huo hausuguani na kitu, husokoteka. Fundi akikaza bolti za bushi hizo wakati magurudumu yananing'inia hewani, mpira hujifunga katika hali hiyo. Gari linaposhushwa chini mpira husokoteka na kusukuma kurudi ulikofungwa, kwa hiyo bushi yenyewe inakuwa springi ya ziada inayoinua nyuma. Nimeona gari lililosemekana kuwa na springi ngumu mno likishuka kwa zaidi ya sentimita moja kwa kulegeza bolti nne, kulitikisa, na kuzikaza tena likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Bushi zilizokazwa vibaya pia hupasuka mapema, kwa sababu zinaishi zikiwa zimesokotwa muda wote.

Kupima kabla ya kugusa

Kipimo kinachochukuliwa kutoka ardhini hadi kwenye ukingo wa madigadi ndicho rahisi, na ndicho dhaifu. Tairi lenye ubavu mrefu zaidi huinua gari bila springi kubadilika hata kidogo, na bodi ya gari la zamani iliyowahi kugongwa na kunyooshwa huenda isiwe na kingo zinazolingana kulia na kushoto. Afadhali kupima kutoka kitovu cha gurudumu kwenda juu hadi ukingoni, maana hapo tairi halimo. Kilicho bora zaidi ni kupima kwenye mfumo wenyewe. Vitabu vya kiwanda vya 911, kwa mfano, havitaji madigadi: vinalinganisha kimo cha kitovu cha gurudumu na kimo cha kitovu cha ufito wa chuma unaofanya kazi ya springi (utaelezwa hapa chini), kwa sababu tofauti hiyo ndiyo inayoeleza pembe ya mkono unaobeba gurudumu. Sakafu lazima iwe sawa, upepo wa matairi uwe sahihi, kiasi cha mafuta kwenye tangi kijulikane, na gari lisukumwe mbele na nyuma kidogo baada ya kutoka kwenye jeki, kwani magurudumu yaliyokuwa yananing'inia hugusa sakafu yakiwa yamebanana au kutanuka, na msuguano wa tairi huizuia nyuma isishuke yote.

Springi za mabapa

Magari mengi ya spoti ya miaka ya 1950 na 1960 yana ekseli nzima ya nyuma iliyokaa juu ya springi mbili za mabapa, yaani bapa kadhaa za chuma zilizopinda, zimepangwa moja juu ya nyingine na kufungwa pamoja. Katika MGB springi hizo hufanya kazi mbili kwa pamoja. Zinabeba uzito, na pia ndizo pekee zinazoishika ekseli isiende mbele, nyuma, wala ubavuni. Jambo hili ni la msingi, kwa sababu anayegusa springi anagusa pia uongozi wa ekseli.

Njia ya kwanza ya kushusha ni kuweka kipande cha chuma au alumini kati ya ekseli na springi na kutumia yubolti ndefu zaidi. Hapa kuna jambo linalowachanganya watu. Katika magari mengi ya mizigo springi hukaa juu ya ekseli, na kipande kama hicho huinua gari. Katika MGB springi hupita chini ya ekseli. Kipande kinaisukuma springi mbali na ekseli kuelekea chini, na kwa kuwa bodi imening'inizwa kwenye ncha za springi, bodi hushuka pamoja nayo. Kipande kilekile, matokeo kinyume, na kinachoamua ni upande gani wa ekseli springi imekaa.

Njia hii ni nafuu, inaweza kuondolewa, na haibadilishi ugumu wa springi. Hata hivyo ina gharama isiyoonekana. Gari linapoondoka kwa nguvu au linapofunga breki, ekseli hutaka kujizungusha yenyewe na kuipinda springi katika umbo la herufi S. Kadiri ekseli inavyokuwa mbali na springi ndivyo inavyopata wenzo mrefu zaidi wa kufanya hivyo, na dereva husikia nyuma ikidundadunda wakati wa kuondoka kwa kasi. Kwa kipande cha inchi moja kwenye injini ya kawaida hali huvumilika. Kwa kipande cha inchi mbili kwenye injini iliyoongezwa nguvu, singeshauri hata kidogo.

Njia ya pili ni springi zenye mpindo mdogo zaidi, zilizotengenezwa upya au zilizonyooshwa na fundi wa springi anayejua kazi yake na anayezirudishia ukakamavu wake baada ya hapo. Ekseli inabaki karibu na springi, na hilo ni jema. Lakini bapa likinyooka huwa refu zaidi kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo kiungo cha nyuma kinachoiruhusu springi kurefuka huanza safari yake kikiwa kimelala zaidi, na ni muhimu kuhakikisha kwamba springi ikibebeshwa uzito wote hakigoti kwenye chesisi. Shokomzoba nazo huathirika tofauti. Katika MGB shokomzoba ya nyuma ni ya mkono, imefungwa kwenye bodi na kuunganishwa na bamba lililo chini ya springi; ukitumia kipande, bamba hilo linabaki pale pale kwa kulinganisha na bodi, na mkono wa shokomzoba hautambui kwamba gari limeshuka. Ukipunguza mpindo, bamba linapanda kuelekea bodi na mkono unaanzia juu zaidi.

Kwa njia zote mbili, ekseli imekaribia bodi. Mpira wa kugotea, ule unaozuia chuma kisigonge chuma gurudumu linaporuka, sasa uko karibu zaidi.

Safari iliyobaki

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo magari mengi yaliyoshushwa yanapoharibikiwa bila mwenyewe kuelewa sababu. Tuseme kuna milimita 75 kati ya ekseli na mpira wa kugotea gari likiwa limesimama. Ukilishusha kwa milimita 38, umeondoa nusu ya safari hiyo. Nishati ambayo springi inaweza kuipokea kuanzia hapo gari liliposimama huongezeka kwa mraba wa safari, hivyo nusu ya safari inapokea robo tu ya nishati kabla ya kugota. Ili gari lipite kwenye tuta lilelile kwa mwendo uleule bila kugota, springi ingehitaji kuwa ngumu mara nne. Hakuna anayefanya hivyo, kwani gari lisingeendesheka. Kinachofanyika kwa busara ni kushusha kidogo, kuongeza ugumu kwa kiasi, kutumia shokomzoba zinazozuia vizuri zaidi, na kukubali kwamba mpira wa kugotea utaguswa mara kwa mara, na kwa hiyo uwe mpira mzima unaokaza taratibu, si kipande cha zamani kilichokauka.

Gari linalogota katikati ya kona ni hatari kuliko gari linalogota kwenye njia iliyonyooka. Wakati ekseli au mkono unapogusa kizuizi, ugumu wa upande huo huruka ghafla, uzito wote wa kona huhamia kwenye tairi moja la nyuma, na tairi hilo huachia. Dereva hudhani gari lake lina tabia ya kuteleza nyuma, ilhali mtelezo huo umetoka kwenye mpira wa kugotea.

Kukata springi za koili, njia inayopendwa kwa kuwa inahitaji msumeno tu, kuna hesabu yake pia. Ugumu wa koili unategemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi: springi ya mizunguko minane ikikatwa mmoja inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 14 hivi, jambo ambalo lenyewe huenda lisiwe baya. Matatizo ni mawili. Ncha iliyokatwa haikai tena vizuri kwenye kiti chake iwapo springi ilikuwa na ncha iliyosawazishwa, na springi iliyofupishwa inaweza kulegea kabisa gurudumu linaponing'inia, ikatoka mahali pake. Kuhusu kupasha springi moto kwa gesi mpaka izame, njia iliyowahi kutumiwa sana, hakuna cha kuitetea. Moto huondoa ukakamavu ambao chuma kilipewa kiwandani, na springi huendelea kuzama siku baada ya siku, kila upande kwa kiasi chake.

Kwa magari ambayo springi na shokomzoba ni mguu mmoja, kama Datsun 240Z ilivyo nyuma, kushusha kwa springi fupi bila shokomzoba fupi kunamaanisha kwamba fimbo ya shokomzoba inaanza safari ikiwa imezama ndani. Shokomzoba hugota ndani yake yenyewe na kufa mapema.

Fito za msokoto za Porsche 911

Sehemu hii ndiyo inayostahili maelezo mengi, kwa sababu ni njia safi na pia ndiyo inayoogopwa zaidi. Tangu gari hilo lilipoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963 hadi magari ya mfumo huo yalipokoma mwaka 1989, nyuma ya 911 haina springi inayoonekana. Kuna fito mbili za chuma, moja kila upande, zilizolazwa mkingamo ndani ya bomba lililo nyuma ya viti; mafundi huziita tosheni baa. Ncha ya ndani ya kila ufito imeshikwa katikati ya bomba isiweze kuzunguka. Ncha ya nje imeshika bamba refu la chuma linaloelekea nyuma hadi kwenye mkono wa gurudumu. Gurudumu linapopanda, bamba huinuka, ufito husokoteka, na ukaidi wa chuma dhidi ya msokoto huo ndio unaobeba gari.

Ufito wa namna hiyo hauna urefu wa kukatwa. Kimo cha gari kinaamuliwa na pembe ambayo bamba linaanza nayo likiwa halijabeba kitu: likianza likiwa limeinama chini zaidi, gari litasimama juu, likianza likiwa limeinuka kidogo, gari litasimama chini, na ugumu wa springi haubadiliki. Kubadilisha pembe hiyo kunafanyika kwa kuchomoa ufito na bamba na kuvirudisha vikiwa vimezungushwa, kwani ncha zote mbili zina meno.

Uzuri wa ubunifu huo umo katika idadi ya meno. Ncha ya ndani ina meno 40, ya nje ina 44. Jino moja la ndani ni digrii 9 kamili. Jino moja la nje ni digrii 8.18. Kila moja kwa peke yake ni hatua kubwa mno. Tukichukua, kwa ajili ya hesabu tu, mkono wenye urefu wa milimita 400, digrii moja ni takribani milimita 7 kwenye gurudumu, hivyo jino moja la nje lingehamisha gari kwa milimita 57 na jino moja la ndani kwa milimita 63. Lakini ukiuzungusha ufito jino moja kwa ndani kuelekea upande mmoja, na bamba jino moja kwa nje kuelekea upande wa pili, hatua hizo mbili zinafutana karibu zote, na kinachobaki ni digrii 0.82, sawa na milimita 6 hivi. Kwa tofauti ya meno manne tu, chuma kisicho na skrubu yoyote kinapata marekebisho laini. Sijui ubunifu mwingi wa zama zile unaonipendeza kuliko huo.

Kosa la kawaida ni kupoteza hesabu ya upande. Fundi mwangalifu hupaka alama za rangi kwenye ufito, bamba na bomba kabla ya kuchomoa, huandika pembe ya bamba likiwa huru, na hufanya kazi yote kwa kipima pembe. Kwa vile gari lililo juu ya stendi karibu kila mara limeinama mbele au nyuma, pembe ya kizingiti cha mlango hupimwa kwanza, kisha pembe ya bamba husomwa kwa kuilinganisha nayo. Tofauti ya pembe kati ya kulia na kushoto ndiyo inayoeleza kwa nini gari lilikuwa limeegemea upande mmoja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kiwanda kilitumia mabamba mawili yaliyounganishwa kwa skrubu ya kurekebishia, na kwa hayo milimita chache zinaweza kupatikana bila kugusa meno. Hata hivyo masafa yake ni madogo, na anayetaka kushuka kutoka kimo cha Marekani hadi cha Ulaya kwa kawaida hulazimika kurudi kwenye meno.

Mambo mawili ya tahadhari hayana mjadala. Kwanza, bamba lisilobeba gari bado limekaa juu ya ukingo wa bomba likiwa na mvutano mkubwa wa ufito, na likiachiliwa bila kushikiliwa kwa jeki linaweza kuvunja mkono wa mtu. Pili, ufito wa kulia na wa kushoto havibadilishani. Kila mmoja ulisokotwa kiwandani kupita kiasi kuelekea upande wake ili uvumilie kazi ya upande huo, na umewekewa alama kwenye ncha. Ukifungwa upande usio wake utavunjika. Hata mkwaruzo juu ya uso wake, ukipata kutu, unaweza kuwa mwanzo wa ufa, na ndiyo maana ufito unaotolewa hufutwa, hukaguliwa na kupakwa grisi kabla haujarudi bombani.

Pembe za magurudumu

Mkono wa nyuma wa 911 umewekwa mshazari, haukuelekea nyuma moja kwa moja wala kukingama. Kwa sababu hiyo, gurudumu linapopanda kuelekea bodi kichwa chake hulala ndani, hali ambayo mafundi wa alaimenti, yaani wapangaji wa pembe za magurudumu, huiita kemba hasi, na pia uelekeo wake hubadilika. Gari likishushwa, magurudumu yamepandishwa kwa kudumu, kwa hiyo mlalo huo umeongezeka hata gari likiwa limesimama. Kiasi kidogo husaidia tairi la nje kushika vizuri kwenye kona. Kikizidi, tairi huliwa upande wa ndani, na mvuto wakati wa kuondoka na wa kufunga breki hupungua kwa kuwa tairi haligusi barabara kwa upana wake wote. Uelekeo ni nyeti zaidi. Gari lenye injini nyuma ya ekseli linahitaji magurudumu ya nyuma yatazame ndani kidogo ili litulie, na tofauti ndogo sana inaweza kuligeuza kuwa gari linalotaka kuzunguka dereva anapoachia mafuta katikati ya kona. Hakuna kushusha nyuma ya 911 bila alaimenti kamili baada yake. Kwa MGB na ekseli yake nzima suala hili halipo: kemba ya nyuma haibadiliki hata ushushe vipi.

Triumph Spitfire, iliyotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, ni hali ya tatu. Kila nusu ya ekseli yake hubembea kutoka kwenye difu, yaani gia iliyo katikati inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, na springi moja ya mabapa imekaa mkingamo juu ya difu hiyo. Magari ya mwanzo yalijulikana kwa magurudumu ya nyuma kukunjika chini ya bodi dereva alipofunga breki ghafla kwenye kona, na modeli ya nne ya mwaka 1970 ilipata springi ambayo mabapa yake mengi yanaweza kubembea katikati ili kupunguza hatari hiyo. Katika gari kama hili kushusha kidogo, kwa kipande kati ya difu na springi, ni nafuu ya kweli, maana magurudumu huanza yakiwa yamelala ndani na hivyo yako mbali zaidi na hali ya kukunjika.

Yaliyofungwa kwenye ekseli na yaliyo mbele

Baadhi ya magari, Fiat 124 Spider likiwa mojawapo, yana vali ya breki za nyuma inayosoma umbali kati ya bodi na ekseli kupitia ufito mwembamba. Vali hiyo ilibuniwa kutambua mzigo: bodi ikishuka, inaelewa kwamba gari limebeba watu na mizigo, na inaruhusu nguvu zaidi kwenda nyuma. Ukilishusha gari bila kuirekebisha, umeidanganya. Itadhani daima kuna mzigo, na siku ya kufunga breki kwa nguvu kwenye barabara yenye maji magurudumu ya nyuma yatafunga kwanza. Marekebisho yenyewe ni bolti moja iliyolegezwa na kukazwa tena, lakini lazima mtu akumbuke kwamba ipo. Vivyo hivyo bomba la ekzosi linalopita juu ya ekseli, hozi ya breki, na propela, shafti inayoleta nguvu kutoka mbele, ambayo sasa inaingia kwenye difu kwa pembe nyingine: vyote vikaguliwe ekseli ikiwa imepandishwa kwa jeki hadi kwenye mpira wa kugotea, maana huko ndiko vitakapogusana.

Kushusha nyuma pekee pia ni kuinua pua. Kwa gari lenye milimita 2,311 kati ya ekseli mbili, kama MGB, kushusha nyuma kwa milimita 30 kunalaza gari lote kwa takribani robo tatu ya digrii. Mhimili ambao gurudumu la mbele linazungukia huegemea nyuma kwa kiasi hichohicho, na usukani huwa mzito kidogo na wenye kujirudisha zaidi. Taa za mbele zinatazama juu na kuwaumiza macho wanaokuja. Kwenye mwendo mkubwa hewa nyingi zaidi huingia chini ya pua, jambo baya hasa kwa 911, ambayo mbele yake tayari ni nyepesi na ambayo modeli ya S ya 1972 iliongezewa spoila ya mbele kwa ajili hiyohiyo. Mara nyingi, basi, nyuma hushushwa pamoja na mbele, au nyuma pekee kwa kiwango kinachorudisha mteremko mdogo wa kuelekea mbele uliokuwepo tangu mwanzo.

Na kuna uzito wa pembe nne. Gari ni kama meza ya miguu minne: ukifupisha mguu mmoja wa nyuma, mzigo wake hupungua pamoja na ule wa mguu wa mbele ulio mkabala nao kwa mshazari, na miguu miwili mingine hubeba zaidi. Nyuma inaweza kuonekana sawa kabisa kwa macho huku gari likikata kona ya kulia tofauti na ya kushoto. Mizani minne chini ya magurudumu, dereva au mzigo unaolingana naye ukiwa kitini, ndiyo pekee inayofichua hilo, na kwa 911 marekebisho ya mwisho huwa rahisi zaidi kufanywa kwenye skrubu za fito za mbele kuliko kurudi kwenye meno ya nyuma.

Baada ya yote hayo gari liendeshwe kilomita kadhaa kwenye barabara ya kawaida, lirudishwe kwenye sakafu ileile, na lipimwe tena kabla bolti za bushi hazijakazwa kwa nguvu kamili likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Karibu kila mara litakuwa limeshuka milimita kadhaa zaidi ya ilivyokuwa karakana, na alaimenti ya mwisho na kulenga taa vifanywe kwa kufuata kipimo hicho.